Usingizi wa Mkwe

Sheria ya Kenya inamruhusu dereva wa lori kushika usukani masaa manane kwa siku, basi. Ukifika manane, egesha, zima injini, tafuta kitanda. Hayo Osewe aliyajua vizuri kuliko hata nambari yake ya kitambulisho. Lakini sheria hiyo, pamoja na ukali wake wote, haisemi neno hata moja kuhusu mama mkwe. Na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Osewe alikuwa akiendesha lori la Madam Wangeci wa Kawangware 56. Wangeci huyu msimwone hivi. Babake alikuwa na shamba pale wakati Kawangware haina steji wala saluni, na leo shamba lenyewe limekuwa ploti ya vyumba ishirini vya kupangisha, mbele kuna hadiwea, nyuma kuna yadi ya malori manne. Mwenyewe hukaa langoni kwa kiti cha plastiki, thamosi ya chai kando, na mapajani kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Ni kitabu cha mapumziko. Dereva akirudi safari anaandika amefika saa ngapi. Akija kuchukua gari anaandika amelala wapi na amelala masaa mangapi, kisha anatia sahihi. Bila kitabu, gari halitoki.

Alikianzisha mwaka aliomzika mdogo wake, Kabiru. Kabiru hakuwa dereva. Alikuwa ameomba lifti kwa lori la watu wengine, na aliyeliendesha hakuwa amelala tangu juzi yake. Tangu hapo Wangeci ana maneno yake, na kila dereva mpya huyasikia kabla ya salamu: "Ukichelewa, tutaongea. Ukikwaruza gari, tutaongea. Ukinidanganya kwa hiki kitabu, weka funguo hapa uende na Mungu." Na si ya mdomo tu. Wekulo alikuwa amemwendeshea miaka kumi na moja, akadanganya mara moja, akaenda na Mungu.

Kwenye simu yake aliona malori yote yalipo, kwa kale kamtambo kanakofungwa ndani ya gari. Osewe akitimiza masaa manne barabarani, simu inalia. "Osewe, simamisha. Kunywa chai. Nusu saa, si dakika kumi." Naye Osewe anasimamisha, anashuka, anazunguka gari akipiga magurudumu teke, anakunywa chai. Alimpenda huyo mama kwa hiyo simu. Waajiri wa wenzake walipiga kuuliza kwa nini umesimama. Wake alipiga kuuliza kwa nini hujasimama. Shida ni moja tu: mtambo ulijua gari limepumzika. Kama dereva naye amepumzika, huo haukuwa na habari.

Nyumbani kwa Osewe ni Kambi Muru, Kibera. Chumba ni kimoja: mkewe Amondi, binti yao Celine, kitanda, kochi, jiko, na pazia katikati. Waliishi vizuri tu humo. Kisha, wiki tatu zilizopita, akaja Magdaline, mamake Amondi, kutoka Siaya, na kuku wawili, mfuko wa unga wa mtama, na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari akasema atapasuliwa jicho moja kwanza, lipone, halafu la pili. Kati ya hapo aje kila wiki aangaliwe. Yaani wiki sita hivi, Mungu akipenda.

Osewe alifurahi, na haikuwa furaha ya kuigiza. Alipokwenda kumposa Amondi miaka ile, alikuwa msukuma mkokoteni pale Soko la Toi, na wajomba wa msichana walimcheka mpaka wakashika mbavu. Ni Magdaline aliyewanyamazisha. "Mkokoteni nao una magurudumu," alisema. "Ataongeza mengine." Leo Osewe anaendesha magurudumu kumi, na kila akiyahesabu humkumbuka.

Lakini mila ni mila. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Mama mkwe hapaswi hata kukiona kitanda chake, sembuse kumwona yeye mwenyewe amelala. Anayevunja mwiko huo anaitafuta chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka mifupa. Vijana wa Nairobi wamepata dawa yao: wanafunga pazia na kusema Mungu anaelewa maisha ya mjini. Magdaline hakuwa mtu wa pazia. Jioni ya kwanza alikaa kwa stuli kizingitini, mkoba bado mkononi, akauliza kwa upole ule unaoogopesha, "Na Baba Celine, yeye leo analala wapi?"

Amondi akamwangalia mumewe. Osewe aliona jambo lote kwa mara moja: huyu mama akijua kwamba amemfukuza mwenye nyumba kitandani mwake, atakunja leso yake kesho asubuhi na kurudi Siaya na ukungu wake machoni, na hakuna atakayemrudisha, hata daktari aje kwa magoti.

"Mimi niko safarini, Mama," akasema akiwa amesimama nje ya mlango. "Natoka sasa hivi. Kazi imekuwa nyingi, wiki hizi zote nitakuwa barabarani tu."

"Pita salama basi," Magdaline akasema, akaingia ndani, akaweka mkoba chini.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili alimpa Amondi pale kwenye kona ya bomba la maji: kwamba yadi ya Kawangware ina chumba cha madereva, kina kitanda, kina hata neti ya mbu. Wa tatu aliuandika kwa mkono wake kwenye kitabu cheusi: *Nimelala nyumbani, Kambi Muru, masaa tisa.* Wanawake watatu, uongo mara tatu, na kitanda hana hata kimoja.

Kwa nini asilale ndani ya lori? Kwa sababu Wangeci hufunga yadi kwa kufuli lake mwenyewe na kusema gari si lojing. Kwa nini asiende kwa jirani? Alikwenda kwa Khamala, jirani yao mwenye pikipiki, akalala usiku mmoja katikati ya watoto sita, akapigwa teke la jicho na yule wa tano. Lojing za Kawangware? Kila mhudumu pale anamjua Wangeci, na habari ingefika langoni kabla yeye hajavua viatu.

Mwishowe akaangukia kwa Maurice, rafiki yake tangu siku za mkokoteni, anayeuza mashuka, mapazia na mablanketi ya mitumba huko Toi. Usiku Osewe alikaa na walinzi wa soko wakiota moto na kubishana juu ya mpira. Mchana, siku zake za mapumziko, alijilaza juu ya mabunda nyuma ya kibanda, akajifunika chochote kilichokuwa hakijauzwa. Akilala dakika ishirini, shuka inavutwa.

"Na hii ya chini ni bei gani?" anauliza mteja.

"Hiyo ina mtu," anajibu Maurice. "Chukua ya maua."

Mnacheka. Hata Maurice alicheka, wiki ya kwanza. Safarini Kisumu nako Osewe alilala jicho moja tu, maana mzigo wa saruji unataka kulindwa, na kurudi na mchele ni vivyo hivyo. Wiki ya pili alianza kusahau majina ya vitu. Alisimama mbele ya Madam Wangeci akitafuta neno la kitu kile cha kufungulia magurudumu, akakosa, akaonyesha kwa vidole. Wangeci akamtazama macho.

"Osewe, unalala kweli?"

"Nalala, Madam. Ni vumbi tu ya huko Ahero."

Akatia sahihi. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine.

Ijumaa ya wiki hiyo, akirudi kutoka Kisumu, alikuwa amepita Naivasha, jua liko juu na barabara iko wazi. Kwa hesabu ya sheria alikuwa mtu safi kabisa: nusu saa ya chai alikuwa amepumzika, masaa hayajatimia manane. Akapepesa macho. Alipoyafungua, lori lilikuwa limeacha lami na magurudumu ya kushoto yanakwaruza kokoto, na mbele yake, pale Kinungi wanapouza mboga kando ya barabara, alikuwa amesimama mama mmoja na magunia yake ya karoti. Osewe akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kwa magunia. Yule mama hakukimbia. Miguu ilikuwa imemkataa. Kisha akaja polepole mpaka dirishani.

"Baba," akasema, "uko sawa?"

Osewe alishuka, akaketi chini kwenye kokoto, na yule mama, ambaye nusura amuue, akampa maji kwenye chupa yake mwenyewe. Osewe alikunywa akilia. Hakuwa anajihurumia. Alikuwa akiwaza kwamba mtu huyu ana watu wanaomngoja jioni, na kwamba angekuwa Kabiru wa watu wengine.

Akaapa kusema ukweli. Kila dereva huapa hivyo akiwa amekaa kando ya barabara. Lakini Jumatatu Amondi akampigia simu akiwa njiani: bandeji imetolewa, daktari ameridhika, na Mama ameona nyuzi za sweta ya Celine, moja moja, akazihesabu kwa sauti mpaka manesi wakacheka. Bado jicho la pili, wiki tatu tu. Osewe akafurahi mno, akasema moyoni, wiki tatu ni nini? Nitavumilia. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini aliye ndani yake huiona ndefu na yenye nafasi.

Alichosahau ni kwamba jicho lililopona linaona. Kila siku ya mapumziko alikuwa akipita Kambi Muru na mboga mkononi, anasimama nje, anasema, "Mama, napita tu, gari linaningoja," na Magdaline anajibu kutoka nyuma ya pazia, "Pita salama, Baba Celine." Jumatano hiyo asubuhi alichungulia kwenye upenyo wa pazia kwa jicho lake jipya. Akamwona mkwe wake: mashavu yameingia ndani, macho mekundu, shati limening'inia kama la kuazima.

"Amondi," akasema Magdaline, Osewe alipokwisha kwenda, "huyo mwanamke wa Kawangware anamuua mtoto wa watu. Wiki tatu barabarani bila kulala hata siku moja? Hata punda hupewa Jumapili."

Amondi akasema kazi za mjini ndivyo zilivyo. Magdaline akasema kwao hakuna kitu kinachoitwa ndivyo zilivyo. Akafunga leso, akatoka, akamkuta Khamala anapangusa pikipiki yake.

Saa tano na kitu simu ilimkuta Osewe juu ya mabunda, chini ya pazia la rangi ya machungwa.

"Osewe." Ilikuwa sauti ya Madam Wangeci, na ilikuwa ya chini sana. "Uko wapi?"

"Nyumbani, Madam. Nimepumzika."

"Ehe. Toka hapo nyumbani uje yadi. Sasa hivi."

Alipopita lango la Kawangware 56 aliona viti viwili vya plastiki pale ambapo siku zote huwa kimoja. Cha kwanza alikuwa amekalia Wangeci. Cha pili alikuwa amekalia mama mkwe wake, kitambaa cheupe juu ya lile jicho lisilopasuliwa bado, nywele zimetibuka kwa upepo wa pikipiki. Katikati yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu cheusi kilikuwa kimefunguliwa. Magdaline alipomwona akainuka, akageuza kiti upande, akaketi tena akitazama ukuta wa hadiwea.

"Mbona unamgeuzia kisogo?" Wangeci akashangaa. "Si ni huyu ulikuja kumpigania?"

"Ni yeye," akasema Magdaline. "Ndiyo maana."

Wangeci akaachana na hilo. Akamgeukia Osewe. "Huyu mama amekuja hapa na boda, akaniita muuaji mbele ya wapangaji wangu. Anasema nimekuendesha wiki tatu bila kulala. Mimi, Osewe. Mimi wa kukupigia simu unywe chai. Nikamfungulia kitabu, nikamsomea. Jumanne, nyumbani Kambi Muru, masaa tisa. Jumamosi, nyumbani, masaa kumi. Akaniambia nisome tena, jicho lake ndilo gonjwa, masikio yako sawa." Alifunga kitabu taratibu. "Sasa, kati yangu na mama huyu kuna mwongo mmoja. Ni nani?"

Fundi wa kuchomelea vyuma pale nje alikuwa anasaga chuma, kelele zimejaa yadi nzima. Osewe alingoja zipungue, maana hakutaka kulisema mara mbili.

"Ni mimi," akasema.

Akaeleza yote. Alieleza akitazama chini, kwa sababu upande huu kuna mama mkwe na upande huu kuna mwenye funguo, na hapakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Kuhusu chumba cha madereva kisichokuwepo, mabunda ya Maurice, walinzi wa soko. Kuhusu Kinungi pia alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alipotaja yule mama wa karoti, Wangeci aliweka mkono mdomoni na hakuutoa mpaka alipomaliza.

"Wacha nielewe," akasema baadaye. "Una nyumba. Una kitanda. Na hukulala huko kwa sababu mama mkwe yuko ndani? Si mngefunga pazia?"

Osewe na Magdaline wakainamisha vichwa pamoja, kila mmoja akiona haya kwa niaba ya mwenzake. Wangeci akatazama huyu, akatazama yule, akatambua kwamba hilo la pazia asingelirudia.

Magdaline ndiye aliyesema kwanza, akiuambia ukuta. "Kumbe nimelala kitandani mwa watu wiki tatu, mwenye kitanda yuko sokoni amefunikwa mapazia." Akaikaza leso yake. "Leo narudi nyumbani. Jicho moja linatosha. Nimezeeka, nina nini tena cha kuangalia?"

"Mama, hapana," akasema Osewe.

"Nimesema narudi."

"Na mimi nasema hapana." Hakuwahi kumpinga maishani mwake, na mdomo wake wenyewe ulishangaa. "Mama, nilipokuwa nasukuma mkokoteni hakuna mtu aliyeniona. Watu walikuwa wanaona mkokoteni. Ni wewe uliniona mimi. Hayo macho, sitaki moja lizimike kwa sababu ya kitanda changu. Nakupenda kama mzazi wangu, na kama ni funguo, wacha ziende."

Magdaline aliinua ncha ya leso, akapangusa chini ya lile jicho lisilofungwa, polepole, kama daktari alivyomwagiza.

"Pa kwenda ni hapa," akasema Wangeci, akanyoosha mkono. "Leta."

Osewe akatoa funguo mfukoni, akaziweka kiganjani mwake. Alikuwa ameshika funguo hizo miaka sita. Wangeci akazitia ndani ya mfuko wa aproni yake.

"Kesho Ndeti ndiye anaenda Kisumu na gari lako," akasema. "Na Jumatatu ni Ndeti. Wewe sasa nisikilize. Wekulo alinidanganya ili aende kuendesha gari la mtu mwingine usiku. Wewe umenidanganya kwa heshima. Naona tofauti, mimi si jiwe. Lakini lori halioni, Osewe. Ungemuua yule mama wa Kinungi kwa hiyo heshima yako, na mimi ningeenda matangani nikawaambie watoto wake nini? Kwamba dereva wangu ana adabu?"

"Hapana, Madam."

"Ungekuja ukaniambia, Madam, niko na mgeni, sina pa kulala. Maneno saba. Nina vyumba ishirini mtu wangu, ishirini." Hapo hasira yake ilimpasuka, na ndani yake ilikuwa imejaa uchungu. "Kabiru alikufa kwa sababu kuna mtu aliona haya kusema amechoka. Kusema tu! Ingia namba saba pale, mwenyewe alihama juzi, kuna godoro. Lala. Utakaa humo mpaka mama apone jicho la pili. Hayo ya funguo nitayafikiria, na usiniulize."

Osewe akaingia namba saba bila kuaga mtu. Godoro lilikuwa tupu, ukuta una kalenda ya mwaka juzi. Akavua viatu, akajilaza, lakini usingizi ukakataa. Alikuwa ameukimbia kwa muda mrefu hata ukamzoea hivyo. Nje msumeno wa chuma ulilia, hadiwea walishusha mabati, saluni ya jirani ikafungulia redio. Kawangware 56 mchana si mahali pa kulala mtu mwenye akili zake. Simu ikatetemeka, ni Amondi, bila shaka Khamala alishampasha habari, na ujumbe una neno moja tu: *Mabunda???* Akaizima. Akawaza funguo. Akawaza jinsi atakavyomwambia Celine kwamba baba hana gari.

Kisha akasikia kiti cha plastiki kikiburutwa. Kikaja mpaka karibu na mlango wa namba saba, kikasimama. Kikasita. Kikasogezwa tena, hatua moja nyuma, hadi nje ya kivuli cha paa, juani kabisa. Akajua nani amekaa hapo.

"Mama," ilikuwa sauti ya Wangeci, "si utaungua hapo? Kaa huku kibarazani."

"Huko ni chini ya paa lake," akasema Magdaline. "Hapa ni nje. Nimekalia kitanda chake wiki tatu, siwezi kukaa mlangoni pake siku moja? Niletee hiyo chai yako, kama bado unataka kuniita mgeni."

Dakika moja baadaye redio ya saluni ilizimwa. Osewe hakusikia lililosemwa, alisikia tu msichana wa saluni akisema, "Pole, mathe." Wa mabati wakaanza kuyashusha moja moja, kwa adabu, kama wanaoweka vikombe mezani. Osewe akavuta pumzi. Hakukumbuka kuitoa.

Alipozinduka jua lilikuwa limehama ukuta. Mdomo ulikuwa mkavu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alijua mara moja yuko wapi na anaitwa nani. Nje walikuwa wawili wanaongea kwa sauti ya chini.

"Bado amelala?" aliuliza Wangeci.

"Mimi sijamwona, siruhusiwi," akajibu Magdaline. "Lakini nimemsikia. Hata wewe ukitega sikio utamsikia. Amondi hakuniambia kama anakoroma hivi, maskini mtoto."

Wangeci akacheka, kicheko kidogo cha kujizuia. Karatasi zikafunuliwa. Aliandika akijisomea, neno kwa neno: "Namba saba. Masaa matano. Bado anaendelea." Akafunga kitabu. "Akiamka, mwambie Jumatano ijayo aje mapema. Hilo gari lake Ndeti ataliacha chafu, litataka kuoshwa kabla halijatoka."

"Utamwambia mwenyewe," akasema Magdaline. "Mimi simwamshi."

Osewe alilala chali akitazama mabati ya paa, machozi yakimtiririkia masikioni, na hakuyapangusa. Jumatano ijayo. Alitaka kutoka, awashukuru wote wawili, aseme kitu cha maana. Akainuka kwa kiwiko. Wakati huohuo msumeno wa chuma ukaanza kulia tena nje, karibu kabisa, na hapohapo akasikia kiti kikisukumwa na miguu ya mama mkwe ikienda haraka juu ya kokoto za yadi.

"Wewe, zima hicho kitu."

"Mathe, hii ni kazi ya mtu, nimeahidi hii geti leo," fundi akalalamika. "Kwani nani analala saa hizi?"

"Mtoto wangu," akasema Magdaline.

Msumeno ukanyamaza. Miguu ikarudi, kiti kikapokea uzito wake. Osewe akashusha kiwiko, akageukia ukutani, akalala tena.